Mzani Unampima Mtoto, Haumpimi Mama



Safari hii tunawaandikia tukiwa mbali na bahari. Tuko Munanila, wilaya ya Buhigwe, mkoa wa Kigoma, kwenye milima ya kuelekea Burundi. Mpaka mwaka 2012 huku kulikuwa wilaya ya Kasulu, na wazee wengi bado wanasema Kasulu. Baadhi yetu ni Waha wa hapa hapa. Wengine tumetoka Unguja na Pemba, tumefuata waume, ualimu na biashara. Dini zetu si moja na vyungu vyetu havipiki chakula kimoja, lakini kuna jambo linatuunganisha sote: kila mmoja wetu amewahi kutoka kliniki na mtoto mgongoni na donge kooni.

Tuseme mapema kwamba hatuzungumzii kituo fulani wala nesi fulani. Watoto wetu tumewapimisha sehemu nyingi, visiwani na bara, na maneno tuliyoyasikia yanafanana kama yametoka kinywa kimoja. "Wewe mama, huyu unamlisha nini?" "Muone mwenzake, wamezaliwa mwezi mmoja." "Maziwa yako mepesi hayo." "Mwezi ujao ukija hivi hivi, usinisogelee."

Leo tunataka kuyajibu maneno hayo. Mzani ni kifaa cha kumchunguza mtoto. Ukigeuzwa kuwa baraza la kumhukumu mama, unaacha kufanya kazi yake, na anayelipa ni yule yule mtoto anayesemwa kwamba anaonewa huruma.

Benchi linasikia nini

Nesi anapotangaza kwa sauti kwamba mtoto wa fulani hakuongezeka, yeye anadhani ametaja gramu. Benchi zima limesikia kitu kingine. Katika Kiswahili chetu kuna neno kubemenda, na hakuna mwanamke aliyezaa asiyelijua. Mtoto akidhoofika, watu husema amebemendwa: mama amerudi kitandani mapema, au amepata mimba nyingine, au yeye au mumewe ametoka nje ya ndoa. Mtoto mwembamba anakuwa ushahidi wa dhambi ambayo hakuna aliyeiona.

Basi hebu fikirini. Mwanamke anaambiwa mbele ya watu ishirini kwamba mwanawe hakui. Kabla adhuhuri haijaadhiniwa, mama mkwe anazo habari. Jioni mume anauliza maswali ambayo hayahusiani na uji. Gramu mia mbili zimegeuka kuwa kesi ya heshima ya mwanamke, na aliyeianzisha kesi ameshafunga daftari lake na kwenda zake.

Mwezi unaofuata mwanamke huyo atafanya nini? Atasema mvua ilikuwa kubwa. Atasema kuna msiba. Atasubiri mtoto anenepe kwanza ndiyo ampeleke, kama mtu anayefua nguo kabla ya kuzipeleka kwa dobi. Na kliniki aliyoikimbia si ya mzani peke yake. Hapo ndipo penye chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 na ya miezi 18. Hapo ndipo penye matone ya vitamini A. Kauli moja ya kejeli inaweza kumnyima mtoto vyote hivyo, na hakuna kitabu cha takwimu kitakachoandika kwamba sababu ilikuwa mdomo.

Kuna madhara mengine yanayokuja taratibu. Mama akishaambiwa maziwa yake ni mepesi, akifika nyumbani atatafuta kitu kizito. Mtoto wa miezi mitatu anaanzishiwa uji. Tumbo lake dogo linajaa maji na unga, ananyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza maziwa. Maji yasiyo salama yanaleta kuharisha. Mwezi wa pili uzito unashuka kweli kweli, na aliyesema anajiona alitabiri. Hakutabiri, alisababisha. Maziwa ya mama huonekana mepesi mwanzo wa kunyonya na huzidi mafuta kadiri titi linavyomalizwa. Ndivyo Mola alivyoyaumba. Kuyatazama kwa macho na kuyatolea hukumu si utaalamu.

Mstari wa kwenye kadi nao una historia

Kadi ya kliniki tunaiheshimu. Lakini tuujue mstari uliochorwa humo umetoka wapi, maana wengi wetu tunauogopa kama ulioshuka kutoka mbinguni.

Kwa miaka mingi dunia nzima ilitumia vipimo vilivyotolewa Marekani mwaka 1977. Upande wa watoto wachanga, vipimo hivyo vilitegemea watoto wa jimbo la Ohio, na wengi wao walilelewa kwa maziwa ya chupa. Mtoto wa titi hakui kama mtoto wa chupa. Huanza kwa kasi miezi miwili mitatu ya mwanzo, halafu mwendo wake hupungua. Akipimwa kwa mstari wa chupa, inapofika miezi minne hadi sita anaonekana kama anaporomoka, na kumbe anakua kama mtoto wa titi anavyopaswa kukua. Mama zetu na bibi zetu wangapi waliambiwa maziwa hayatoshi kwa sababu ya mstari ule, Mungu ndiye anayejua.

Shirika la Afya Duniani liliuona upungufu huo likafanya utafiti upya. Kati ya mwaka 1997 na 2003 walipimwa watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Waliofuatiliwa tangu kuzaliwa walikuwa watoto walionyonya, na upande wa Oman walitoka Muscat, mji ambao nusu ya nyumba za Unguja zina shangazi au binamu huko. Vipimo vipya vilitangazwa mwaka 2006. Kwa hiyo hata wataalamu wenyewe walikubali kwamba kipimo kinaweza kukosea na mama akawa sahihi. Kadi ikabadilishwa. Ulimi ndio bado unasubiri kubadilishwa.

Na kadi yenyewe haikubuniwa iwe fimbo. Daktari Mwingereza David Morley, aliyefanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile, Nigeria, kuanzia miaka ya 1950, ndiye aliyeieneza kadi ya ukuaji inayokaa nyumbani kwa mama. Alitaka mama awe mlinzi wa kwanza wa mtoto, na alifundisha kwamba cha kutazama ni mstari unaelekea wapi. Nukta moja ni habari ya siku moja. Mstari unaopanda, hata ukiwa chini kidogo ya wenzake, unaeleza mtoto mdogo anayekua. Mstari uliolala au unaoshuka ndio unaotaka mazungumzo ya haraka.

Yapo mambo ambayo mama yeyote anaweza kuyajua bila kusomea udaktari. Mtoto mchanga hupungua siku za mwanzo, mara nyingi kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito aliozaliwa nao, na kwa kawaida huurudisha ndani ya wiki mbili. Wengi hufikisha mara mbili ya uzito wa kuzaliwa karibu na miezi mitano, na mara tatu karibu na mwaka. Baada ya hapo mwendo ni mdogo: mtoto wa miezi minane huongeza kama gramu 300 tu kwa mwezi. Sasa huku kwetu milimani kuna baridi, na watoto huja wamevaa sweta na kofia. Mwezi huu kapimwa na sweta na nepi iliyolowa, mwezi ujao kapimwa uchi. Ongezeko lote la mwezi linaweza kuliwa na sweta, na mama akasimangwa kwa kosa la sufi.

Iringa waliuliza "kwa nini"

Wapo watakaosema bila ukali mama hasikii. Tunawajibu kwa mfano wa nchi hii hii.

Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe mkoani Iringa, ukiungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za serikali ya Italia. Ulianzia kwenye vijiji 168. Watoto walipimwa uzito vijijini mwao, tena hadharani, siku za afya. Lakini baada ya kupima, halmashauri ya kijiji ilikaa na matokeo na kufuata hatua tatu: kutathmini hali, kuchambua sababu, kuchukua hatua, kisha kuanza tena. Kilichowekwa mezani kilikuwa mzigo wa kijiji kizima, na wanaume walikuwamo kwenye kikao.

Walipouliza kwa nini, majibu yalikuja. Mtoto anakula mara chache mno kwa sababu mama yuko shambani kutwa. Uji ni mwepesi, unajaza tumbo bila kuutia mwili nguvu. Kazi za mwanamke hazina mwisho. Basi wakazungumzia kulisha mara nyingi zaidi, sehemu za kuwaangalia watoto wakati wa kilimo, na unga wa kimea, ambao ukitiwa kwenye uji mzito huufanya unyweke bila kuongeza maji. Utapiamlo mkali ulipungua. Mwaka 1990 UNICEF ilipotoa mwongozo wake wa kueleza visababishi vya utapiamlo, ambao umetumika dunia nzima, uzoefu wa Iringa ulikuwa ndani yake: chakula cha nyumbani, malezi, na afya pamoja na mazingira. Mambo matatu, na hakuna hata moja linaloitwa uzembe wa mama.

Hiyo ni elimu ya Tanzania, imeandikwa kwa jasho la wanavijiji wa Tanzania. Inakuwaje miaka arobaini baadaye mwanamke wa Munanila anaulizwa "unamlisha nini?" kwa sauti ya kumtuhumu, na mtu asisubiri hata jibu?

Maswali ambayo hayaulizwi

Jibu lenyewe lipo, na si la siri. Huku mwanamke anaamka gizani. Kuna maji ya kuteka, kuni, shamba la maharage mteremkoni, mihogo ya kumenya, migomba. Kichanga kinalala mgongoni, akishakuwa mkubwa kidogo anaachwa na dada yake wa miaka minane. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ni sheria njema na tunaiunga mkono. Nesi anayetupima anaijua, na huenda imemsaidia yeye mwenyewe. Lakini jembe halina likizo ya uzazi. Kumwambia mkulima "nyonyesha kila mtoto anapotaka" bila kumuuliza shamba liko umbali gani ni kumpa amri badala ya ushauri.

Tunataka tuulizwe: Tangu mara ya mwisho mtoto aliumwa? Ananyonya mara ngapi usiku? Mchana anabaki na nani? Alizaliwa na uzito gani? Wewe mwenyewe unakula nini, na nyumbani kuna amani? Baba yake yuko wapi katika habari hii? Kisha mtu akae dakika tano atazame mtoto anavyolishika titi, maana mara nyingi tatizo liko kwenye kushika titi, na kulirekebisha ni bure.

Tunataka pia tushauriwe kwa vitu vilivyomo jikoni kwetu. Kigoma haina njaa ya vyakula vya mtoto. Kuna mawese, na kijiko kimoja cha mawese mekundu kwenye uji kinaongeza nguvu na vitamini A. Kuna maharage ya kupondwa, ndizi, parachichi, na dagaa wa Ziwa Tanganyika wa kukausha na kusaga. Mtoto wa miezi sita hadi minane apewe mara mbili hadi tatu kwa siku pamoja na titi. Kuanzia miezi tisa, mara tatu hadi nne, na kitafunwa katikati. Mama akielezwa hivyo anatoka na kazi ya kufanya. Akielezwa maziwa ya kopo asiyoweza kuyanunua, anatoka na aibu tu.

Na wapimaji wakumbuke kwamba mzani peke yake hauoni kila kitu. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na udumavu hujulikana kwa urefu. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili anaweza kuwa na uzito wa kupendeza huku yuko hatarini. Anayetazama namba tu anaweza kumsimanga mama wa mtoto mzima na kumsifu mama wa mtoto mgonjwa.

Kwa wanaosema "achaneni nao"

Dada zetu, kuna sauti nyingine, na inatuogopesha vilevile. Inasema: hao manesi hawajui lolote, mtoto wetu ni mwembamba wa asili, usirudi tena. Hatukubaliani nayo. Mtoto asiyeongezeka miezi miwili mfululizo ana jambo. Mchanga anayelala sana na hana nguvu ya kunyonya, asiyekojoa vizuri, mwenye homa, anayetapika kila kitu, anayeharisha damu, aliyevimba miguu: huyo apelekwe leo, asingojee siku ya kliniki. Heshima yetu haiwezi kuwa kubwa kuliko pumzi ya mtoto.

Tunajua pia nesi ni binadamu. Yuko mmoja au wawili, foleni imefika barabarani, ripoti inadaiwa wilayani, pengine ametoka mkoa mwingine na Kiha hakijui, na mama aliye mbele yake Kiswahili kinampa tabu. Tunamuombea. Lakini uchache wa watumishi hauelezi kejeli. Kusema "Mwakeye, mama, tuangalie pamoja" hakuchukui muda mrefu kuliko kufoka.

Sitara ni haki

Sisi Waislamu tumelelewa juu ya sitara. Aya ya 233 ya Surat al-Baqara tunaisikia ikitajwa kila mara kwa ajili ya ile miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na hapo wengi huishia. Aya hiyo hiyo inamtwika baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, na inakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Tuisome yote. Anayemkumbusha mama miaka miwili amkumbushe na baba mfuko wake, na ajizuie yeye mwenyewe kuwa ndiye mwenye kumdhuru mama kwa ajili ya mtoto. Jirani zetu Wakristo wa Munanila wanatuambia kwao pia kumfedhehesha mtu hadharani si jambo la dini. Hapo hatuna ugomvi.

Basi tunayoyadai ni machache. Uzito usomwe kwa mama, usitangaziwe benchi. Mtoto apimwe kwa namna moja kila mwezi, nguo zivuliwe, mshale uanzie sifuri, na namba ikishangaza arudiwe. Swali litangulie lawama. Hakuna kumwambia mama maziwa yake ni mepesi. Na baba aitwe.

Nasi tuna kazi yetu. Tusiende peke yetu. Twende wawili wawili, shoga akimbeba mtoto mwingine akikumbuka maneno. Kadi ni yako, iombe uisome, uliza mstari unaelekea wapi. Ukisemwa vibaya, jibu kwa utulivu: "Sista, nielekeze nifanye nini, nitafanya." Na sisi wenyewe tulifute neno kubemenda vinywani mwetu, maana nesi hulirusha jiwe bila kujua, lakini tunaoliokota na kumalizia ni sisi wa kwenye benchi. Siku mwanamke akitoka kwenye mzani na uso umeinama, asogezewe nafasi akae, apakatiwe mtoto, na aulizwe kama amekula.

Allah awakuze watoto wetu wote, wanono na wembamba. Wassalaam.